Moshi wa Gari la Daoudou

Hell-Ville, Nosy Be
12 Februari 2012

Kwa mke mwenzangu Sitti,

Salamu zikufikie huko Mahabibo. Mimi ni Koulsoum, mke mkubwa wa Daoudou. Hatujawahi kuonana, na angekuwa hai tusingeonana hata leo, maana alijua kutuweka mbalimbali kama vyungu vinavyoogopewa kugongana. Lakini amekufa, bila shaka umesikia. Mimi niko ndani ya eda na sina budi kukuandikia.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu aliniambia ulilelewa Unguja kwa shangazi yako, baada ya familia yenu na wenzenu kuondoshwa Mahajanga kwa sababu ya ghasia, mwaka wa 77. Mimi nilisomea Tanga, baba yangu alikuwa na duka huko. Hapa kisiwani wote wanasema Kisakalava na Kifaransa, kwa hiyo hakuna atakayenisomea juu ya bega. Utajiuliza mbona sikupigi simu. Sauti yako siko tayari kuisikia, nisamehe.

Sasa jambo lenyewe. Ile Peugeot nyeupe iko uani, chini ya turubai. Watoto wetu ni wa kike watupu, kwa hiyo shemeji Mikidache naye ni mrithi, na yeye anasema gari lisilotembea ni vyuma tu, liuzwe. Nimemwomba angoje nitoke eda. Amekubali kwa sharti: nikitoka, libebe watu wanne mpaka Andilana na kurudi bila kuzimika. Likiweza litahesabiwa katika fungu langu, nami nitapata riziki kwa kupokea wageni uwanja wa ndege. Lisipoweza linakwenda zake. Mikate ninayooka hainitoshi, Sitti. Udereva ninao, alinifundisha mwenyewe.

Shida ni kwamba linatoa moshi mweusi, linanuka petroli mtaa mzima, na ukikanyaga mafuta kidogo linazimika. Fundi wa hapa kafungua boneti, kaguna, kafunga. Anasema injini inaongozwa na kompyuta, lile boksi chini ya dashibodi, na Daoudou aliiandika upya kwa mkono wake, yeye hathubutu kuingia humo. Ndipo nikakumbuka maneno ya marehemu, kwamba laptopu ya kazi hiyo iko Mahajanga kwa Sitti, na Sitti ndiye anayejua kusoma.

Niambie ukweli. Unajua? Na je, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliyezoea unga na hamira, anaweza kujifunza?

Wako katika msiba,
Koulsoum


Mahabibo, Mahajanga
1 Machi 2012

Bi Koulsoum,

Barua yako ilikaa chini ya mto wangu siku kadhaa kabla sijaifungua. Nilidhani ni matusi.

Pole sana dada yangu. Mimi pia nimekaa ndani. Sitii wanja, sivai rangi, sivuki kizingiti. Hapa mtaani hakuna aliyekuja kunipa pole, watu wana mambo yao. Habari yenyewe nilipewa na Hadjira muuza samaki, akiwa dirishani, kwa sauti ileile anayotajia bei.

Ndiyo, najua kusoma. Kazi ile ni ya watu wawili. Anayeendesha hawezi kutazama barabara na namba kwa pamoja, kwa hiyo Daoudou aliendesha na mimi nilikaa kiti cha abiria, laptopu mapajani, waya umeingia chini ya dashibodi. Kwenye bomba la moshi alifunga kitu kama pua, kinanusa moshi na kuleta namba. Namba ikiwa kubwa, injini ina njaa ya petroli. Ikiwa ndogo, imevimbiwa. Nilimsomea namba kwa sauti, naye akasema, "Punguza hapo," au "Ongeza kidogo." Tulifanya hivyo kila Jumapili aliyokuwa huku, njia ya Amborovy, kwenda na kurudi. Unajua Daoudou hakuwa msemaji. Jumapili alikuwa akisema.

Ukifungua utaona jedwali. Safu za wima ni kasi ya injini, mistari ya kulala ni mzigo inaoubeba, na katika kila kijumba kuna namba moja inayoamua petroli kiasi gani imwagwe. Gari likiwa limesimama linatumia vijumba vya kona ya chini kushoto peke yake. Likipanda kilima linatumia vya juu. Badilisha kidogo kidogo, kijumba kwa kijumba, kama unavyoonja chumvi. Maelezo mengine nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, na michoro.

Moshi mweusi ulianza lini? Alibadilisha nozeli, zile zinazomwaga petroli?

Laptopu anakuletea Msaidié, yule dereva wa lori la vitunguu, ni mtu mwaminifu. Nimeifunga kwa leso yangu. Usirudishe.

Sitti


Hell-Ville
25 Machi 2012

Mke mwenzangu,

Mzigo umefika salama. Laptopu ilipowaka nikakuta picha yake, Daoudou anacheka pwani, kavua kofia. Miaka thelathini na mimi sikuwahi kumpiga picha akicheka. Niliifunga nikaenda kukanda unga, na jioni nikarudi.

Naam, alibadilisha nozeli. Zile za zamani ziliziba, akaweka nyingine zenye tundu kubwa zaidi. Ilikuwa Ramadhani, si hii iliyopita, ile ya kabla yake. Moshi ulianza siku hiyohiyo. Nilimuuliza mbona hapeleki gari Mahajanga kurekebisha, akasema bahari imechafuka. Ikachafuka mwaka mzima na zaidi!

Lakini sikiliza habari njema. Nimejifunza! Nilikaa ndani ya gari uani, geti limefungwa, nikafuata michoro yako. Kijumba cha kwanza kilinitoa jasho. Kisha nikaona, kwa nini nihangaike na kimoja kimoja? Nozeli zimekuwa kubwa kwa vijumba vyote. Nikachagua jedwali zima na kupunguza kwa mkupuo mmoja, mpaka harufu ya petroli ikaisha kabisa. Moshi hakuna. Nikafungua plagi kama ulivyochora, ikatoka nyeupe safi kama sahani ya harusi. Nimefurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu, na vigelegele vya mtu mmoja ni kitu cha kusikitisha, nakwambia.

Mkwe wangu Chaïbou atalijaribu Ijumaa ya tarehe sita Aprili, baada ya swala. Atapakia magunia ya mchele na kulipandisha kilima cha Mont Passot, ili nijue mapema.

Jambo jingine. Mikidache anapanga urithi, na hajakutaja. Nimwambie? Thumuni ya wake ni yetu wawili, haki ni haki. Namba yangu ya simu ipo mgongoni mwa bahasha, ni kwa dharura tu. Usinipigie hivihivi.

Koulsoum fundi


Mahabibo
7 Aprili 2012

Dada Koulsoum,

Nisamehe kwa simu ya jana. Barua yako ilinifikia mlangoni Ijumaa asubuhi, na nilipofika kwenye neno "nyeupe" nikaichukua simu. Najua nilipiga kelele bila hata salamu. "Mwambie asiwashe" si namna ya kuanza kuongea na mtu.

Plagi nyeupe ni ya injini inayoungua. Rangi unayoitaka ni ya biskuti iliyoiva, wewe muokaji utaitambua kuliko mimi. Likiwa limesimama uani halidhuriki sana, lakini vile vijumba vya juu, vya mzigo, umevinyima petroli navyo hujavipima. Pale Mont Passot na mchele wote ule, lingelia kama kokoto ndani ya kopo, kisha pistoni ingetoboka. Injini ingekufa mikononi mwa mkweo na Mikidache angepata vyuma vyake.

Kosa ni langu. Sikukuandikia kwamba kila kijumba kinataka kupimwa mahali pake. Rudisha jedwali la zamani, nimekuonyesha lilipohifadhiwa. Kwanza sahihisha ile namba moja ya ukubwa wa nozeli, iliyo nje ya jedwali. Kisha shughulikia kona ya chini kushoto, basi. Kwingine usiguse mpaka utoke.

Kuhusu urithi, nakuomba sana usinitaje kwa Mikidache wala kwa mtu yeyote. Sitaki kitu. Usiniulize tena.

Nilipokata simu nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla sijapiga.

Sitti


Hell-Ville
30 Aprili 2012

Sitti,

Sauti yako ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Nilikutengenezea sauti nzito, ya mwanamke mwenye mapozi, nikaichukia miaka mingi. Sasa inanibidi nianze upya.

Nimefanya kama ulivyosema. Linaunguruma vizuri likisimama, plagi ina rangi ya biskuti. Chaïbou alinuna kidogo kunyimwa kilima chake, lakini nilimpa mkate wa sinia akanyamaza.

Binti zangu wamerudi kwa waume zao. Waliokuja kusoma hitima wamekwisha kuja. Kila alasiri nakwenda kukaa ndani ya gari, nawasha, naangalia namba zinavyochezacheza. Sijui mashekhe wangesema nini juu ya mjane anayekaa garini uani. Nimejiambia kwamba tairi hazijavuka geti, kwa hiyo sijatoka. Ni kelele pekee iliyobaki katika nyumba hii, na naogopa kuizima.

Nimekuwa nikitazama jedwali. Kona ile ndogo ni yangu sasa. Kwingine kote ni namba zake, alizozikubali yeye na wewe ukaziandika. Nikianza kutembea, kila nitakapopita itanibidi nifute namba yake niweke yangu. Sitaki, Sitti. Na nisipofuta gari linakwenda kwa Mikidache.

Wewe umesema kazi ni ya watu wawili. Mimi naendesha. Chaïbou hajui kusoma hizo namba na hana subira, binti zangu wanaogopa waya. Eda yetu itaisha siku moja. Panda lori la Msaidié mpaka Ankify, uvuke, uje ukae kiti chako. Nitakuwekea chumba cha upande wa barazani, kina upepo.

Koulsoum


Mahabibo
14 Mei 2012

Dada Koulsoum,

Asante kwa chumba. Siwezi kuja.

Eda yangu itachelewa. Wewe ulikuwapo alipokata roho, mimi nilisikia baadaye, na nimeanza kuhesabu siku niliyosikia. Tena nina mafua, na paka amezaa. Utapata mtu mwingine. Mwambie ashike laptopu isicheze, asome kwa sauti, asikisie.

Usinione mbaya.

Sitti


Hell-Ville
31 Mei 2012

Sitti,

Nimetoka eda. Nilioga, nikavaa nguo nyingine, nikafungua geti mwenyewe. Nikaweka laptopu kiti cha abiria, nikaifunga kwa mkanda kama mtoto, nikaenda. Nilipofika kwenye kilima cha kwanza nikainamia namba, nilipoinua macho kuna ng'ombe mbele yangu na mwenye ng'ombe ameshika kichwa. Nilipiga breki mpaka laptopu ikagonga dashibodi. Haikuvunjika. Gari lilizimika, nikakaa pale katikati ya njia nikalia, na yule bwana akanisaidia kusukuma bila kuuliza kitu. Sharti la Mikidache nimelisogeza mpaka Jumamosi ya mwisho ya Juni. Zaidi ya hapo hakubali.

Sasa niseme. Eda ya mjane haihesabiwi tangu siku ya kusikia, inahesabiwa tangu siku ya kufa. Mtu aliyelelewa Unguja na shangazi mswalihina analijua hilo. Lakini tuliache, maana hayo ni ya mjane.

Najua, Sitti. Nilijua kabla sijaandika barua ya kwanza.

Aliporudi kutoka kwako mara ya mwisho aliweka mkoba chini akasema, "Nimemwacha Sitti." Hakusema kwa nini, na hakumwambia mtu mwingine hapa, hata ndugu yake. Mimi nilifurahi, nisikudanganye. Nilipika wali wa nazi na kuku mzima kama sikukuu. Hakula.

Zikapita wiki chache, Ramadhani ikaingia, akabadilisha zile nozeli na moshi ukaanza. Fundi wa hapa alijitolea kukaa naye kiti cha abiria, akakataa. Nikamwambia, basi nikae mimi, nifundishe. Akasema laptopu iko Mahajanga. Nikamwambia kaifuate. Akafunga boneti, akaingia msikitini. Mwaka mzima na zaidi aliendesha gari linalofuka, watu wakimcheka, yeye fundi, kuliko kumkalisha mtu mwingine mahali pako. Nilikuwa nikisikia harufu ile ya petroli inaingia jikoni na naona wivu. Umewahi kusikia mwanamke anaonea wivu moshi?

Nilikuita mke mwenzangu kwa sababu niliitaka laptopu. Hiyo ni kweli na haipendezi. Kisha ukaandika kwamba umekaa ndani na hakuna aliyekuja kukupa pole, nikaelewa kwamba majirani wanajua, na wanaona huna haki ya kulia. Nikasema moyoni, mwache akae. Nilipokutajia urithi nilikuwa nakupima, na ukakataa. Mwongo angeuchukua.

Hukuchukua chochote ila huzuni, na hiyo haikupunguza yangu. Njoo.

Koulsoum


Mahabibo
10 Juni 2012

Dada Koulsoum,

Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikafungua mlango nikatoka. Nilikwenda mpaka kwa Hadjira kununua samaki. Alinitazama kama mtu aliyefufuka.

Tuligombana juu ya jambo dogo, hata sitaliandika, utatucheka. Alitamka neno lile kwa hasira, mimi nikamjibu nenda basi. Akaenda. Nilingoja apige simu, na nadhani naye alingoja mimi, mpaka muda wa kurejeana ukapita. Sote wazima kabisa, simu ziko mkononi. Aliposahau laptopu nilifurahi, nikajua ataifuata. Niliichaji kila wiki.

Nilipoambiwa amekufa sikuwa na pa kwenda. Msiba ulikuwa kwako. Nikafunga mlango nikakaa, maana sikujua namna nyingine ya kumlilia mtu.

Nataka kuja. Lakini siku hiyo Mikidache atakuwa ndani ya gari, na uani kutajaa watu. Ataniuliza mimi ni nani. Nikisema mjane wake nimesema uongo mbele ya Mungu. Nikisema mtalaka wake, watauliza nimefuata nini. Nimelala na swali hili na kuamka nalo. Utamwambia mimi ni nani? Nijibu hilo kwanza.

Sitti


Hell-Ville
18 Juni 2012

Sitti,

Nitamwambia wewe ni mfiwa. Nimelitafuta neno siku kadhaa nikikanda unga, na hilo ndilo. Halina uongo ndani yake, na Mikidache hatakuwa na pa kulishika. Akiuliza zaidi nitamwambia anyamaze, msomaji anataka utulivu.

Msaidié anakuletea barua hii Jumatano, na Ijumaa anarudi huku. Panda naye. Mpe Hadjira wale paka. Chumba kimefagiliwa, na kiti cha abiria nimekitandika leso yako.

Tutaanza na vilima vya njia ya Andilana, kabla ya Jumamosi, sisi wawili peke yetu. Tutafuta namba zake moja moja, wewe ukiziona kwa mara ya mwisho. Mimi nitaendesha, wewe utasoma. Soma kwa sauti, kama ulivyokuwa ukimsomea.

Koulsoum